Sauti ya Mohannad Kutoka Lima

Mwizi aliacha bangili za dhahabu, akaacha mkoba wenye pesa, akaacha hata waya wa kuchajia. Alichukua simu tu, tena simu kuukuu iliyopasuka kioo, iliyokuwa chini ya mto wa Bi Amna.

Mkaguzi Tamim alisimama katikati ya chumba hicho mjini Nizwa, Oman, akautazama mto bila kuhisi chochote. Kazi ya polisi ilikuwa imemtia ganzi. Alishaona maiti za ajali, alishaona ndugu wakichomana visu kwa zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, na siku hizi kila tukio aliliingia kama mtu aingiaye ofisini. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa keshamaliza kupaka unga wake, akapata vidole vya nusu ya wanawake wa mji. Ndiyo matanga hayo. Nani hakukigusa kitanda kile?

"Shikamoo, Bi Amna."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Amna hakuwa amelia. Mwanawe Mohannad aligongwa na gari huko Lima, mji mkuu wa Peru, Amerika ya Kusini, alikokwenda kutembea. Maiti ilirudi kwenye sanduku na simu yake ikarudi ndani ya mfuko wa plastiki. Walikwishamzika, na mama mtu bado alikaa wima, macho makavu, akijibu salamu kama anayejibia mtu mwingine.

"Mlango haukuvunjwa," alisema Tamim. "Jana nani aliingia humu?"

"Wanawake waliokuja kunipa pole. Wanaume walikaa huko nje, kwenye sabla, baraza lao."

"Simu ilikuwa na nini?"

"Sauti yake. Aliuzunguka mji ule kwa miguu, anakula, anasimulia, anajirekodi. Sina sauti nyingine ya mwanangu. Mwizi mwacheni mkitaka, Tamim. Mie nirudishieni sauti."

"Nisimulie aliyosema."

"Yatakusaidia nini?"

"Nijue mwizi alichukua nini hasa."

Bi Amna akageukia ukuta. Akaanza kusema, neno kwa neno, mfano wa mtoto wa chuoni anayesoma juzuu yake kwa moyo.

"'Mama, nimeanzia uwanja wa zamani, mbele ya kanisa kuu. Juu ya njia kuna roshani za mbao zilizozibwa, mtu wa ndani anakuona, wewe humwoni. Wahispania waliziiga kwa Waarabu wa Andalusi. Ungesema uko Zanzibar, ila mbingu ya huku ni ya kijivu na mvua hainyeshi.'"

Akaendelea kusimulia. Mohannad aliingia sokoni akaona viazi vya kila rangi, hata vya zambarau, na muuzaji akamwambia kwa majivuno kwamba dunia nzima ilipata viazi kutoka milima ya kwao. Akala samaki asiyepikwa motoni, aliyeivishwa kwa ndimu na pilipili, akatokwa na machozi, akaomba sahani nyingine. Pembeni ya barabara akakuta mishikaki ya moyo wa ng'ombe.

"'Hiyo sikula, mama, sijui kachinjwa vipi. Nimesimama nikanusa tu. Wanasema walioianzisha ni Waafrika waliotiwa utumwani. Mabwana walikula nyama, wao wakaachiwa mioyo na matumbo. Leo kila mtu anaipangia foleni. Nikakukumbuka wewe, mama. Na muhogo upo! Asili yake ni bara hili, ndipo ukafika kwetu. Hapa wanaukaanga. Mtamu, lakini haufikii wako wa kuchoma, ulioungua ubavu mmoja, na ndimu na pilipili.'"

Tamim aliinua macho.

"Muhogo unauchomea wapi, Bi Amna?"

"Nini?"

"Muhogo. Mohannad anasema unauchoma."

"Nyumba hii twapika wa nazi."

"Basi yeye kasema nini?"

"Watoto husema mengi."

Jibu lilikuja haraka mno. Tamim hakulibishia. Mtu mwenye haraka ya kujibu ana jambo la kuficha, hilo alilijua kuliko alivyowajua wanawe.

Alimkuta Alyaa, binti wa nyumba, kwenye ujia.

"Kaka yako alikuwa akimwita nani mzazi wenu?"

"Yumma. Sisi wote tunasema yumma."

"Na 'mama'?"

Alyaa akautazama mlango wa chumba, akashusha sauti. "Hiyo Mama Shukriya, wa kijiji cha Birkat al Mauz. Muhogo yake tamu, wallah. Alimnyonyesha Mohannad. Yumma alikuwa mustashfa, yaani hospitali, mgonjwa sana, mimi bado sijazaliwa."

"Jana alikuja?"

"Alikuja. Alikaa mlangoni, karibu na viatu."

Njiani Tamim aliyapanga mambo. Kwa sheria ya dini, mama wa kunyonya ni mama: humwoi binti yake, wala yeye hajifuniki mbele yako. Lakini mtoto akifa, mama huyo harithi hata shuka, na watu wa pole hawaendi kwake. Sheria aliijua vizuri. Hakuwahi kufikiri ina uzito gani juu ya mtu mmoja.

Bi Shukriya aliishi kando ya mashamba ya migomba, nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa jikoni, jiko limepoa, na mapajani mwake mna kitu kilichofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, Bi Shukriya."

"Marahaba. Umeijia simu."

"Uliichukua wewe?"

"Mie. Bi Amna alikwenda kutawadha, nikatia mkono chini ya mto."

"Mnadaiana jambo?"

"Hata. Kaa, mwanangu, mambo haya hayasemwi kwa kusimama."

Tamim akakaa.

"Sisi watu wa jikoni kwao tangu Unguja. Mamaangu aliwapikia, na mie nikawapikia. Mwaka ule mwanangu alikufa, hata jina lake halijazoeleka mdomoni. Maziwa yakawa yanidondoka na wa kumpa sina. Bi Amna yuko hospitali, hajitambui. Wakaniletea Mohannad. Nilimlea mpaka akatembea, kisha wakaja kumchukua."

"Akakusahau?"

"Asahau wapi! Kila Ijumaa alikuwa hapa, anakula muhogo. Mbele za watu aliniita Bi Shukriya. Humu jikoni, mama. Mie ndiye niliyemtaka hivyo, nisimuudhi mzazi wake."

"Basi kwa nini sasa uibe?"

Bi Shukriya aliikaza kanga mapajani.

"Jana Bi Amna kainua simu mbele ya wanawake. Anasema, 'Sikilizeni mwanangu anavyoniita mama.' Wakalia wote, wakambusu kichwa. Na kila neno ni langu, Tamim! Muhogo wangu, jina langu. Mtoto wangu kafa mara mbili, na mie hakuna aliyenipa pole. Hata mmoja!"

"Umeisikiliza?"

"Inataka namba, nami siijui. Baadaye ikazima. Nimeishika tu."

 Tamim aliona uchungu, uchungu hasa, akashangaa kuuona.

"Kisheria ni ya warithi," alisema, na maneno yakamchukiza kinywani.

"Najua. Twende."

Hakumtia pingu. Alimfungulia mlango wa mbele wa gari, wakaelekea Nizwa.

Bi Amna alikuwa pale pale kitandani. Tamim aliiweka simu mbele yake.

"Bi Shukriya amekiri. Unataka nimfungulie kesi?"

Bi Amna hakuitazama simu. Alimtazama Shukriya, aliyesimama mlangoni.

"Usimfungulie kitu. Hakuiba."

"Bi Amna, mwenyewe amesema..."

"Nilijua tangu neno la kwanza. Mie Mohannad hajapata kuniita mama. Wala hakuniletea sauti hata moja, hata ya kuniambia kafika. Na jana nilikuona, Shukriya. Nilikuona umekaa pale, nikaongeza sauti."

"Kwa nini, Bi Amna?" aliuliza Shukriya.

"Nilitaka niwe mie. Siku moja tu, watu waamini ni mie."

Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kamasi zikimtoka, bila kujifunika. Shukriya akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, hakumgusa.

Baadaye Bi Amna alijifuta uso kwa mtandio. Akachomeka simu kwenye umeme, akangoja iwake, akaandika namba ya siri, akaiweka katika viganja vya Shukriya.

"Bonyeza hapo."

Kisha akainuka. Tamim alidhani anatoka. Lakini Bi Amna alibaki amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe, mikono haijui pa kukaa.

"Shukriya," aliuliza, "naweza kusikiliza nawe?"

Shukriya akasogea, akamwachia nafasi.