Kabula Amekufa, Jaribu Tena

— Masele, sehemu ya jina umeiacha wazi.

Aliyekuwa kwenye simu ni Queen, dada anayeandaa maonyesho ya michezo ya kompyuta kule Dar. Mchezo wangu ulikuwa umepita mchujo, mmoja kati ya kumi na miwili, na fomu nilikuwa nimeijaza yote isipokuwa mstari wa kwanza.

— Naomba hadi kesho, dada Queen.

— Kesho saa kumi na moja jioni fomu inajifunga. Mchezo usio na jina siuweki. Si ulikuwa na jina mwanzoni?

— Nilikuwa nalo.

Simu ikakatika, nikabaki natazama ukuta. Chumba changu cha Kiseke kina viti viwili, ila cha pili nimekitundikia nguo kwa kuwa hakuna anayekikalia. Miezi minane sasa. Mwanzoni nilikuwa nahesabu wiki, nikaona najitesa bure.

Niseme ukweli mapema, msije mkanionea huruma kabla ya wakati. Mchezo huu tuliutengeneza wawili. Mimi naandika programu, Justa, mchumba wangu wakati ule, anachora. Ni safari ya binti anayeruka jiwe hadi jiwe katikati ya ziwa lenye majoka, akimtafuta mama yake aliyechukuliwa na maji. Mawe yale Justa aliyachora akiwa amekaa juu ya mawe ya kweli, kila Jumapili, mimi nikimshikia mwavuli. Tulipendana bila kelele. Ikifika saa saba mchana lazima anitumie ujumbe: "Umekula?"

Kisha mama yake, Kabula, akalazwa hospitali karibu na kwao Usagara. Justa alitaka kuondoka siku ileile. Nikamwomba siku moja tu, amalizie joka la mwisho, maana tulikuwa na tarehe ya kuwasilisha. Akabaki. Akamwandikia mama yake, "Subiri mama, nakuja kesho." Alfajiri mama akafariki, ujumbe haujasomwa.

Hakunilaumu, hata neno moja. Ningekuwa na akili ningenyamaza na mimi. Lakini nilitaka kumfariji, nikajifanya mjuzi: yule binti wa kwenye mchezo nikampa jina la Kabula, na mchezo wote nikauita Kabula. Nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la familia yao, ambako walikuwa wameniingiza kama mkwe mtarajiwa. Kwao jina la marehemu haliokotwi. Unakwenda kuliomba, familia inakaa, ndipo mtoto anarithishwa. Mimi ni Msukuma mwenzao, hilo nalijua tangu utoto, ila nilijiambia kwamba mchezo si mtoto.

Tena sisi waandika programu jina tunaliandika mahali pamoja tu, nalo linajipachika lenyewe kila sentensi inayolihitaji. Zile sentensi nilikuwa nimeziandika mwaka mmoja kabla, wala sikuzikumbuka. Aliyefungua mchezo wa kwanza ni Selina, mdogo wa marehemu. Binti akateleza kwenye jiwe la tatu, akazama, na skrini ikaandika: "Kabula amekufa. Jaribu tena."

Jioni ile Justa alikuja Kiseke kuchukua kalamu zake.

— Mama yangu atakufa mara ngapi humo ndani, Masele?

Akafunga mlango taratibu, na uchungu wake nausikia hadi leo.

Basi kesho yake baada ya simu ya Queen, Ijumaa mchana, nikaenda Usagara. Selina ni fundi cherehani pale njia panda. Aliponiona hakusimamisha mashine.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Umekuja kuomba jina baada ya kulitumia?

— Nimekuja kulirudisha.

Nikampa simu yangu. Jina nilikuwa nimelifuta, na ile sentensi ya kufa nayo nimeiondoa. Binti akizama sasa, anatokea mtu anakimbia juu ya mawe, anamshika mkono na kumvuta. Justa alimchora zamani mtu huyo, hatukuwahi kumtumia. Selina alimwacha binti azame mara nne, akimwangalia tu yule anayekuja.

— Huyu nani?

— Sijui, mama. Ni mtu anayewahi kufika, hachelewi.

Akautoa mguu kwenye mashine. Nikadhani nimeharibu tena.

— Jina nimelipokea, akasema. Yaliyobaki si ya kwangu. Nenda Mkuyuni.

Mkuyuni Justa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa kadi, na nilimkuta anakunja kadi za harusi ya watu. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea.

— Lile joka lingesubiri, nikasema. Haikuwa kazi iliyokuzuia, ni mimi. Nisamehe.

Alinyoosha mkono, akachukua simu, akacheza. Binti akazama, yule mtu akaja mbio.

— Hapa juu pana nafasi ya maneno. Mbona hujaandika?

— Nikiandika naharibu.

Akataka kucheka, ikashindikana. Akaandika yeye mwenyewe, herufi moja moja: "Subiri, nakuja." Kisha akalia. Safari hii sikumfariji. Nilisimama tu pale kwenye kaunta, na mteja aliyefuata kadi zake nikamwomba azunguke kidogo arudi.

Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja, akauliza fomu inasemaje. Nikamfungulia. Kwenye waliotengeneza mchezo jina lake lilikuwepo tayari, la kwanza, na langu likafuata. Kwenye ule mstari uliokuwa wazi akaandika Subiri, Nakuja, akatuma. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

— Usidhani nimerudi.

— Sidhani.

— Nina kadi mia mbili za kukunja.

Nikaaga. Queen alinitumia ujumbe kwamba jina limempendeza, nikamshukuru. Jumamosi nzima nilikaa chumbani peke yangu nikirekebisha makosa madogo ambayo hakuna mtu angeyaona. Upweke wa siku ile ulikuwa mbaya kuliko wa miezi minane, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kutumaini.

Jumapili, saa saba mchana, ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Umekula?"

Nikaandika, "Bado."

"Subiri, nakuja."

Nikainuka nikaanza kutoa nguo kwenye kile kiti cha pili.