Masanduku Sita ya Chuma

Kila nikitoka shule hupitia karakana ya Mama, navaa glavu, nasugua chuma kwa brashi ya waya. Mama ni fundi wa kuchomelea. Mwaka huu alitengeneza masanduku sita ya chuma, yasiyo na rangi wala maandishi, yote kimo kimoja. Baraza la mji lilikubali yasimame mbele ya lango la kiwanda ambamo wafanyakazi sita waliteketea kwa moto, milango ikiwa imefungwa kwa nje. Mmoja wao alikuwa baba yangu.

Siku yalipowekwa pale langoni, Mdomo, mwanafunzi mwenzangu, alikalia sanduku moja akalipiga kama ngoma.

"Sanamu gani haina hata kichwa? Mama yako katuletea mapipa ya taka!"

Wenzetu walivunjika mbavu. Damu ilinichemka, nikaapa atanitambua.

Mdomo alikuwa anatengeneza kiti cha chuma kwa ajili ya maonyesho ya shule. Alikuwa amekipiga msasa mpaka kinang'aa. Sisi wa karakana tunajua maji ya chumvi yanavyokila chuma kisichopakwa rangi. Wakati wa mapumziko nilikimwagia kiti chake chupa nzima ya maji hayo. Kesho yake kilikuwa chekundu kwa kutu. Mdomo alilia mbele ya darasa zima, nami, siwafichi, niliona raha.

"Baada ya maonyesho kingekuwa cha kaka yangu," alisema kwa kwikwi. "Tangu ule moto wa kiwandani hawezi kusimama muda mrefu."

Raha iliniishia palepale. Nilikwenda kumweleza Mama kila kitu. Alizima mashine.

"Unajua kwa nini masanduku yanalingana?"

"Hapana, Mama."

"Kati ya wale sita, mwenye kiwanda alikwenda kumpa pole mke wa msimamizi tu. Sisi wake wa vibarua hakutupigia hodi. Pale langoni hakuna mkubwa wala mdogo. Tena nimeyapanga karibukaribu, ili kila asubuhi ashuke garini apite katikati yao. Hasira ninayo, mwanangu, tena nyingi. Lakini nimeiweka mbele ya aliyefunga milango. Wewe yako umemmwagia mtoto aliyeumizwa na moto uleule. Huko si kulipiza, ni kuonea."

Nilimwomba Mdomo radhi mbele ya darasa lilelile. Tulikisugua kiti pamoja siku mbili.

"Kumbe yale masanduku ni ya wale wa moto?" aliniuliza mwishowe. "La baba yako ni lipi?"

"Lolote."

Asubuhi iliyofuata tulisimama pamoja langoni. Mwenye kiwanda alishuka garini, akapita kiubavu katikati ya masanduku, akatutazama. Hatukumwamkia.