Nyumba ya Kiduchu Yapata Jina

"Umemfungia mwanangu nje, wewe na mageti yako," alisema Mama Sindano.

"Mwanao yuko ng'ambo," alijibu Mzee Cheche. "Mimi nitamfungiaje mlango kutoka hapa chini?"

Mzee Cheche ni mchomeleaji. Karakana yake iko chini, na Mama Sindano, fundi cherehani, anakaa juu yake. Mashine ya kuchomelea ikivuta umeme mwingi, jengo zima huzimika. Siku hiyo majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Ugomvi wa wawili hawa huwa ni mtamu, na hauna kiingilio.

"Wiki iliyopita ulikata umeme," Mama Sindano aliendelea.

"Ukarudi."

"Umeme ulirudi. Kiduchu hajarudi."

Hapo watu waliacha kucheka. Kiduchu ni kitinda mimba wake. Ni muuguzi, anafanya kazi nchi ya mbali. Kabla ya kuondoka, aliweka mchezo kwenye kompyuta ya mezani ya pale nyumbani. Ni mchezo wa kujenga. Unachimba mawe, unapanda mboga, unainua kuta. Kompyuta ile ndiyo seva, yaani ndiyo inayoutunza mchezo na kuwapokea wachezaji kupitia intaneti. Kila siku ya mapumziko, Kiduchu aliingia kutoka huko aliko, mama yake akaingia kutoka sebuleni. Pamoja walijenga nyumba yenye ua.

Simu wanayo. Lakini kwenye simu unaulizwa hali, unasema njema, maneno yanakwisha. Kwenye mchezo mmoja anachimba, mwingine anapanga mawe. Wananyamaza pamoja. Ndicho alichokikosa Mama Sindano tangu binti aondoke: mtu wa kunyamaza naye.

Sasa Kiduchu alikuwa akijaribu kuingia, mchezo unamkataa. Mama yake aliingia bila shida. Alisimama uani, akawasha taa zote za nyumba ile, akangoja. Hakuja mtu.

"Mnagombana bila mimi?" sauti iliuliza kutoka mlango wa chini. Alikuwa Mama Waya, mke wa Mzee Cheche. Kazi yake ni kufunga intaneti majumbani. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi, kofia ngumu kichwani, kitita cha nyaya begani. Alisimuliwa mkasa na watu wengi kwa mpigo, kila mmoja na nyongeza yake.

"Twende juu nikaone," alisema.

Sebuleni, kando ya cherehani, kilikaa kisanduku cha intaneti, ruta. Hakikuonekana. Mama Sindano alikuwa amekishonea koti la kitambaa kizito, lenye vifungo.

"Hiki nacho kinakwenda harusini?" aliuliza Mama Waya.

"Kilipata mshtuko siku ile umeme ulipokatika. Nikakifunika."

"Kivue koti, dada. Kinahitaji hewa, kikipata joto sana kitakufa kweli." Alifungua vifungo mwenyewe, kisha akavuta kiti. "Hebu niambie. Ungekuwa na meza sokoni, na mwenye soko anakuhamisha mara kwa mara. Leo uko langoni, kesho uko nyuma kabisa. Wateja wangekupataje?"

"Wangeuliza, Mama Sindano yuko wapi leo?"

"Wangeuliza jina lako. Sasa Kiduchu anakutafuta kwenye meza ya zamani. Nyumba yenye intaneti ina anwani, namba ndefu. Kampuni ya intaneti inatuazima tu. Ruta ikizimika na kuwaka, inaweza kupewa namba nyingine. Sijui leo mwanao anabisha kwa nani."

"Mbona mimi naingia?"

"Wewe uko ndani. Ukitoka sebuleni kwenda jikoni unauliza anwani ya mtaa?"

Mama Sindano alifikiri. "Basi tumtumie namba mpya."

"Ukimtumia leo, mume wangu atachomelea kesho."

"Nimesikia," alisema Mzee Cheche kutoka mlangoni.

Mama Waya alicheka. "Kuna huduma kwenye intaneti zinazokupa jina lisilobadilika. Ndani ya kompyuta tunaweka programu ndogo. Anwani ikibadilika, programu inapeleka habari: siku hizi tuko hapa. Anayeuliza jina anaelekezwa."

"Kama umbea."

"Umbea wenye faida."

Kwanza alilinganisha namba iliyosomeka ndani ya ruta na ile inayoonekana kutoka nje. Zilikuwa sawa. "Bahati yako," alisema. "Kampuni nyingine huwapa nyumba nyingi anwani moja. Ingekuwa hivyo, jina peke yake lisingesaidia. Ungelazimika kuiomba kampuni anwani yako mwenyewe."

"Jina liwe nani?" aliuliza Mama Waya baadaye.

"Andika 'Kwa Kiduchu'."

"Siyo 'Kwa Mama Sindano'?"

"Mimi namtunzia tu."

Mama Waya aliandika, akaweka na programu. Njia ya kuingilia mchezo, ambayo Kiduchu aliifungua kwenye ruta kabla ya kuondoka, aliiacha kama ilivyo. "Usifungue njia nyingine," alionya. "Nenosiri la ruta liwe gumu. Mchezo uwe unausasisha. Na kwenye mchezo, weka majina ya wanaoruhusiwa, maana hata usiowajua watabisha. Niandike nani?"

"Mbali na mimi, mtu mmoja tu," alisema Mama Sindano.

Kisha Mama Waya akachomoa waya wa ruta ukutani. Mama Sindano alishika ukingo wa meza. Taa za ruta zilizimika, zikarudi polepole. Namba ilikuwa imebadilika. Walisubiri kidogo, wakauliza jina. Jina lilikwenda kwenye namba mpya.

Wakampigia Kiduchu, wakamtajia. Simu iliwekwa mezani, sauti juu. Mara, kwenye ua wa mchezo, mtu mdogo mwenye jembe alitokea.

"Mama, mboga zimekua hivi?"

"Nilikuwa namwagilia."

"Na taa zote hizi za nini?"

Mama Sindano alipangusa kioo cha kompyuta kwa pindo la gauni, akaona ukungu hauondoki, akapangusa macho. Kiduchu naye alianza kupalilia. Mama yake akachukua jembe lake, wakalima kimya, kila mmoja upande wake.

Mlangoni mtu alikohoa.

"Nani huyo?" aliuliza Kiduchu.

"Mzee Cheche. Amesimama kama mtu aliyekuja kuposa."

"Umeshapakua chakula?"

"Kipo jikoni. Kula peke yangu kumenishinda."

"Mpe kiti changu, mama. Na Mama Waya asiondoke. Simu iache hapo hapo mezani, nisikie vijiko."

Mama Sindano aligeuka. "Mzee Cheche, umesikia mwenye nyumba. Vua viatu, uingie ule."