Kasha Halilali Tupu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: kasha tupu lilisikika likikunja nguo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mke wa mhariri, akiwa sebuleni, alisikia chumbani kitambaa kikikung'utwa, kikikunjwa, kisha kikilainishwa kwa kiganja. Alipokwenda kutazama, hakukuta mtu.

Siku iliyotangulia, mumewe, mhariri wa kamusi, alikuwa amefikia maneno ya samani za nguo. Kabati alilimaliza kwa dakika kumi. Almari ikafuata, pamoja na droo zake. Kwa neno kasha alimuuliza shangazi wa mkewe, mganga, ambaye ndiye aliyemrithisha mpwa wake kasha lenyewe.

"Ni sanduku kubwa la mbao la kutunzia nguo," alijibu shangazi. "Mfuniko uko juu, na halilali tupu."

Kalamu ilikoma kwenye "juu".

"Hilo la mwisho si maana, shangazi. Ni porojo."

"Umeniuliza kasha ni nini, mkwe. Kuandika ni kazi yako."

Mhariri alicheka kwa pua, kama alivyowacheka wote wasio na shahada. Kisha, ili apime kina cha ndani, alizitoa nguo zote za mkewe, akazisokomeza kabatini, akapima, akaandika, akaliacha kasha tupu, akalala.

Siku ya pili ilikuja harufu ya nguo mbichi iliyolowa jasho la mtu mgeni. Siku ya tatu mkewe alianza kukosa pumzi.

"Rudisha nguo zangu," alinong'ona. "Pumzi yangu inaishia mle."

"Una pumu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuwasikiliza watu wa kwenu."

Akarudi kwenye kadi zake za maneno. Mchana ule mfuniko ulianza kupanda na kushuka kidogo kidogo, kwa utulivu wa kifua cha mtu aliyeshiba, na kila ulipopanda mwanamke alibaki mdomo wazi bila hewa, na kila uliposhuka alipata robo ya pumzi aliyoipoteza, hata midomo yake ikageuka rangi ya jivu, akatambaa hadi kwenye simu kumwita shangazi yake, huku mumewe akimwomba apunguze kelele.

Shangazi alifika kabla ya alasiri. Aliweka sikio kwenye mbao, akasikiliza.

"Yumo," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuta nyumba tupu, akahamia. Anataka kujisitiri, na nguo hakuzikuta, basi anamvaa mwenye kasha. Akimaliza kumvaa, huyu hatuna tena. Aliyelitoa vitu na arudishe kwa mkono wake, na aombe radhi."

"Niziombe radhi mbao?"

"Mume wangu," alisema mkewe, "omba tu, kwa ajili yangu."

"Nitawaonyesha kitu kimoja." Alifunua mfuniko, akainama, akaingiza kichwa, kisha mabega. Sauti yake ilitoka humo ikiwa imefifia. "Tupu. Tazameni wenyewe, wajinga nyi—"

Hakumaliza. Miguu yake ilitulia. Kitambaa kikakung'utwa mara moja, kikalainishwa kwa kiganja, taratibu, kama afanyavyo mtu ajaribuye vazi mbele ya kioo. Mkewe akavuta pumzi, ikaingia yote.

Mhariri aliinuka, akafunga kola, akamgeukia mganga.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuwahi kumwamkia tangu siku ya harusi. Shangazi alirudi nyuma hatua moja.

Akaenda kabatini, akazitoa nguo za mkewe moja moja, akazikunja, akazipanga ndani ya kasha kwa unadhifu uliotisha. "Nisamehe, mke wangu," alisema. "Umeteseka sana. Nikuletee maji?" Akaelekea jikoni, akipita kwa hatua za mtu asiyezijua bado kona za nyumba.

Shangazi alimsogelea mpwa wake.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Leo bado hajashika mizizi. Nikianza sasa, namtoa kabla ya jua kuzama, na mumeo anarudi kama alivyokuwa."

Jikoni glasi ilisuuzwa, ikafutwa. Mwanamke alivuta tena pumzi, akaishikilia kidogo, akaiachia.

"Kama alivyokuwa?" aliuliza. "Mwache kwanza, shangazi."