Trekta Iliyozimwa Getini

Mtoto wangu alikuwa ameanza kugeuza macho... na baba yake akazima trekta!

Pale pale getini! Lami iko mbele yetu, hospitali ya Kapkatet iko mbele, na yeye anachomoa ufunguo anatia mfukoni.

"Kipngeno! Unafanya nini?!"

"Sivuki."

"Mtoto anakufa!"

"Winny, nimesema sivuki."

Wueh! Wasomaji wangu, nilimzaba kofi. Mimi, mke, mbele ya soja wa geti. Nilikuwa nimeogopa hadi nikasahau adabu.

Lakini ngojeni, msije mkanihukumu bure.

Kipngeno alikuwa dereva wa lori la majani chai. Mwaka jana aliendesha akiwa amelewa, akagonga mtu wa boda, akamvunja mguu. Korti ikampata na hatia. Hakimu akasimamisha leseni yake: asiguse usukani kwa barabara ya umma, akipatikana ni jela, hakuna maswali. Pombe akaacha siku hiyo hiyo.

Manager wa shamba akamhurumia, akampa trekta ya kuvuta majani. Lakini ndani ya shamba tu. Geti ndiyo mwisho wake.

Sasa mchana huo mvua ilikuwa imemwagika, hakuna boda iliyokubali kupanda ile matope. Chelimo wetu alikuwa na homa tangu asubuhi, na ghafla degedege ikamshika. Mwili ukakauka kama ubao. Nilipiga kelele nikiwa peke yangu kwa nyumba.

Nikapigia ndugu yangu Kiplimo. Tumetoka tumbo moja, analala kwangu, anakula kwangu, na leseni yake ni safi.

"Kiplimo, kuja uendeshe trekta! Chelimo anaenda!"

"Aki sister, niko Sigowet, siwezi fika. Mwambie Kipngeno avuke tu. Hiyo lami ni kipande kidogo. Nani atamshika akiwa na mtoto mgonjwa?"

Nikaona amesema ukweli. Nikakimbia na mtoto mgongoni hadi kwa trekta, na Kipngeno akatuleta mbio... hadi getini.

"Unaogopa jela kuliko damu yako?!" nilimlilia.

"Naogopa roadblock. Wakinishusha hapo chini, wewe na mtoto mtabaki kwa barabara. Nani atamfikisha?"

"Leo hakuna polisi!"

"Umejuaje?"

Chelimo alitoa povu mdomoni. Nikakaa kwa matope.

Hapo ndipo Kipngeno alipanda juu ya trela, akasimama kwa majani chai, akaweka mikono mdomoni...

"Uuuwiii! Uuuwiii! Mtotooo!"

Huku kwetu hiyo sauti haipigwi ovyo. Ukiisikia, unatupa ulichoshika. Wachumaji wakaacha vikapu wakaipokea. "Uuuwiii!" Mstari kwa mstari, hadi kwa nyumba za wafanyakazi, ambako Nyabate, yule mama wa Kisii anayetuletea mboga, alikuwa ameegesha gari yake, Probox.

Alikuja akiteleza, kabichi zikianguka nyuma!

"Ingia, mama! Achana na kabichi!"

Kipngeno akafunga mlango. "Endeni. Nakuja kwa miguu."

Sikumwangalia hata. Nilikuwa namchukia.

Tukavuka lami. Kona ya kwanza tu... miiba barabarani! Polisi!

Afisa akainama dirishani, akaona mtoto, akavuta miiba haraka.

"Pitisheni huyu mtoto, kimbieni!" Kisha akamgeukia mwenzake. "Hii si ile. Tuliambiwa ni trekta, dereva amesimamishwa leseni, amebeba mama na mtoto mgonjwa."

Habari ya trekta nilikuwa nimempa mtu mmoja tu duniani.

Nikainua macho. Nyuma ya gari la polisi, kofia imevutwa hadi puani, jaketi ni ile niliyomnunulia Krismasi...

Kiplimo! Yule wa Sigowet!

"Nyabate, endesha," nikasema.

Chelimo alipona. Daktari alisema tungekaa njiani kidogo tu tungempoteza. Kipngeno alifika amejaa matope hadi magotini, shavu bado limevimba.

"Anapumua?"

"Analala. Baba Chelimo... nisamehe."

"Ulikuwa mama. Wacha hiyo."

Jioni Kiplimo akaja nyumbani kama kawaida, akakaa kwa kiti chake akingoja ugali.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka tu wamtoe kwa trekta nichukue hiyo kazi. Sikujua mtoto amezidiwa hivyo."

"Nilikwambia anaenda!"

Nikatoa godoro lake nje, nikafunga mlango.

Wasomaji wangu, kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe mke mwenzangu, mumeo akisema hapana, muulize kwanza ameona nini. Mimi nilimpiga kofi mtu aliyeokoa mtoto wangu, nikifuata shauri la aliyemuuza.

Leseni ya Kipngeno hakimu ataifungua siku moja. Mlango wangu kwa Kiplimo... huo sijui.