Hereni za Mama Naeku

Kila alfajiri Naeku alikama mbuzi na kufagia uwanja, huku akimsikiliza mama akikohoa ndani. Boma lao la Terrat lilikuwa limepoa. Baba alikwenda kuchimba mawe ya tanzanite Mererani tangu mvua za mwaka uliopita, na habari zake hazikuja.

Siku moja Naeku alikosa shule, akampeleka mama hospitali mjini. Kwenye chumba cha picha ya kifua, nesi Zamda, mwenyeji wa mtaa wa Kaloleni pale mjini, akasema, "Mwambie mama avue vyuma vyote, hata hizo hereni."

Naeku akamweleza mama kwa Kimaasai. Mama akazishika hereni zake za shaba, mizunguko mikubwa iliyoning'inia mpaka kifuani, akatikisa kichwa.

"Wamaasai na mapambo yao!" akacheka mwanamume mmoja kwenye foleni. "Huyo atazikwa nazo!"

Naeku aliona aibu. "Anaogopa mashine," akadanganya.

"Basi nendeni," Zamda akasema. "Woga ukimtoka, mrudi."

Wakakaa nje kando ya ukuta, watu wakiwapita kama hawawaoni. Mama akakohoa, doa la damu likabaki kwenye khanga. Naeku akainuka, akarudi ndani.

"Sista, nilikudanganya. Kwetu mke huzivua hizo mumewe akifa. Baba yuko Mererani. Mama akizivua, ni kama amemzika."

Zamda akatambua kosa lake. Lakini halikuwa lake peke yake. Wakubwa walileta mashine, wakala pilau ya uzinduzi, wakaondoka na magari yao. Nani alikumbuka kuwafundisha wauguzi desturi za watu watakaowahudumia?

"Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda," Zamda akasema taratibu. "Hakuna aliyenicheka. Mwite mama. Na wewe uliyemcheka mama, rudi nyuma ya foleni!"

Mama alipoingia, Zamda akamwomba radhi, Naeku akitafsiri. "Tuzifanyeje, mama?"

Mama akazipandisha hereni juu, Naeku akazifunga kisogoni kwa bendeji, mbali na kifua. Picha ikaonekana vizuri. Daktari akaisoma, akasema ni kifua kikuu, na dawa zikaanza siku hiyo hiyo.

"Naeku," Zamda akasema wakiagana, "usione haya kusema ukweli wa kwenu. Aibu ile ingemuua mama. Na mimi nitauliza kabla ya kuamrisha. Nesi mgeni akija hapa, somo hili nitampa mwenyewe. Tukiwangoja wakubwa, tutazeeka."

Kikohozi kilipokwisha, boma likawa kimya zaidi. Zilisikika hereni tu, zikigongana mama akipita, zikimngoja baba.