Aliniambia Nikalale, Jicho Litapona

"Nenda kalale, Sawsan. Ni uchovu tu, kesho utaona!"

Maneno ya mume wangu Medhat hayo, jamani... na jicho langu la kulia limezimika ghafla mchana kweupe! Halikuuma hata kidogo. Giza tupu.

Yeye ndiye aliyezungumza na daktari wa macho, mimi nikiwa nje nalia. Akanirudisha nyumbani, akajipulizia manukato, akaaga anawahi kazini.

Mara simu ikaita. Daktari!

"Mbona hamjafika kwenye tangi la oksijeni?"

"Tangi gani, daktari?"

"Mumeo hakukwambia?! Mshipa wa jicho umeziba! Oksijeni ya presha inaweza kuliokoa, lakini mkichelewa, basi tena!"

Nikapiga kelele, nikaeleza yote aliyosema daktari.

Mama mkwe wangu, Mama Tahiya, akanishika mkono.

"Twende, binti yangu. Huyo mwanangu nitamalizana naye mimi!"

Tukakimbilia mji wa Hurghada, kwenye kituo chenye tangi hilo, wanapotibiwa wapiga mbizi. Mlango umefungwa!

"Mtaalamu wetu anaolewa leo," mlinzi akasema. "Ngoja nimpigie."

Akaja mbio, hina mikononi, gauni jeupe kalikunja mpaka magotini. Anaitwa Ibtisam.

"Pole, dada. Nani kakuchelewesha hivi?"

"Mume wangu, Medhat. Yule mwenye boti za watalii."

Akaliachia gauni.

"Medhat wa kule Safaga?"

"Ndiye huyo, nimemzaa mwenyewe!" Mama Tahiya akadakia. "Kwani vipi?"

Ibtisam akamgeukia Mama Tahiya.

"Aliniambia mkewe alikufa... Na mama yake pia."

Kumbe! Ndiyo maana hakutaka nifike kwenye lile tangi!

Niliogopa, wallahi. Jicho langu liko mikononi mwa bibi harusi wa mume wangu!

Simu ya Ibtisam ikaanza kuita. Bwana harusi! Akaizima.

"Ingia, dada. Masikio yakiziba, meza mate."

Akanifungia ndani ya tangi, akafungulia oksijeni. Muda wote alikaa kwenye kidirisha ananitazama, machozi yanamchuruzika, mkono hautoki kwenye mitambo.

Kwanza nikaona ukungu. Kisha kivuli cha kichwa chake. Halikurudi lote, wapendwa, lakini lilirudi!

Nje tukasikia ngoma na honi. Medhat huyo, suti mpya, anamtafuta mkewe mtarajiwa... Akatukuta watatu tumeketi benchi moja.

Mama Tahiya akamwangalia juu mpaka chini.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kutuzika?"

Ngoma zikanyamaza zenyewe.

Ndugu zangu, jicho likizimika ghafla, hata kama haliumi, usilale! Kimbilia hospitali. Na ukifika, ongea na daktari wewe mwenyewe.